Kiongozi Akinyamaza



Sisi wa gengi la njia, upande wa Kibos, tulipata kumtuma kiongozi wetu Nairobi kuulizia mishahara iliyochelewa. Akarudi, akanyamaza wiki 3. Hakupewa kitu, akaona haya kutuambia. Nasi, kwa midomo yetu, tukasema amehongwa. Watu 11 wakakataa kulipa ada. Kumbe hakula hata senti moja. Nauli yenyewe alitoa mfukoni mwake.

Mombasa, Januari 1947, wafanyakazi wa reli na bandari walipogoma, walikutana uwanjani Kiembeni siku baada ya siku. Viongozi wao walisema mbele ya watu wote, nao watu wakasikia kwa masikio yao wenyewe. Uvumi ungepita wapi?

Basi tunaomba hivi: kiongozi akitoka kuonana na wakubwa, atuite jioni ile ile, hata kama jibu ni "hapana". Nasi tumsikilize mpaka amalize.

Yule ndugu yetu ameketi hapo nyuma. Ada tulikwisha lipa. Radhi hatujamwomba, tunamwomba sasa.