Mwanamke, Ujuzi na Haki ya Jasho Lake



Katika Uingereza ya karne ya 18, mwanamke aliyeolewa hakuwa na mali mbele ya sheria. Alichokichuma kilihesabiwa kuwa cha mumewe. Eleanor Coade, aliyezaliwa Exeter mwaka 1733, hakuolewa kamwe. Mwaka 1769 alinunua kiwanda kilichokuwa kikizorota huko Lambeth, London, na mwaka 1771 akamwachisha kazi msimamizi aliyejitangaza kuwa ndiye mwenye mali.

Kiwanda hicho kilitengeneza mawe ya bandia ya kupambia majengo. Kwa hakika yalikuwa kazi ya ufinyanzi: udongo ulichanganywa na vigae, gumegume, mchanga na kioo vilivyosagwa, ukashindiliwa katika kalibu, kisha ukachomwa siku nne mfululizo kwa joto lipatalo nyuzi 1,100. Moto ukilegea, kazi yote huharibika. Mchongaji hodari John Bacon alibuni sanamu, na bibi huyo akasimamia biashara hata akawahudumia wafalme.

Alifariki mwaka 1821. Simba aliyetoka katika kiwanda hicho mwaka 1837 angali amesimama penye daraja la Westminster, wala mvua na moshi wa London havikumla.

Lakini lililo kubwa zaidi limo katika wosia wake. Aliwarithisha fedha wanawake kadhaa, na kwa walioolewa akaweka sharti kwamba waume zao wasiwe na mamlaka juu ya fedha hizo. Alifahamu kuwa ujuzi usio na haki juu ya matunda yake ni sawa na kulima kwa jembe la kuazima.