Maji ya Ngama Yanatoka Wapi?

(Maneno haya yalitolewa na mweka hazina wa kikundi kimoja cha wavuvi na wachuuzi kutoka Kwale, katika semina ya vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.)

Nimeambiwa niwaeleze habari ya chombo chetu na yale maji. Najua wengine wenu mmetoka huko bara, hamna mashua, mna tangi la maji au kinu cha kusaga. Nivumilieni tu. Tangi nalo huvuja.

Kwanza tuelewane maneno. Ngama ni pale chini kabisa ndani ya chombo, juu ya mkuku. Maji yote yakiingia, hata yakiingilia wapi, mwisho hukusanyika pale. Na mashua ya mbao isiyoingiza maji hata tone, mimi sijaiona. Ndiyo maana kila chombo kina upo wa kufulia maji. Swali ni kiasi gani, na yanapita wapi. Sisi swali hilo la pili hatukuliuliza kwa muda wa mwaka mzima, na lilitugharimu.

Mashua yetu tuliinunua Juni 2022, imeshatumika, kwa mkopo wa kikundi. Tuko wanachama ishirini na wawili. Wanaume wanavua, na sisi akina mama tunapakia mchele, unga na sabuni Shimoni, tunapeleka Vanga kuuza. Kutoka mwanzo, maji yalikuwa mengi ngamani. Tukienda Vanga tunafika miguu imelowa. Asubuhi mwenyekiti akiangalia chombo kikiwa kimetia nanga, anakuta maji kidogo tu, nusu debe hivi. Basi wakasema, "Chombo ni kizima. Huyu kijana mvivu, hafui maji njiani." Kijana akajitetea kwamba anafua mpaka mikono inauma. Hakuna aliyemsikiliza. Septemba mkutano ukapiga kura, akasimamishwa. Na mimi niliinua mkono wangu, sitaficha.

Akaja baharia mwingine, maji yakabaki yaleyale. Ndipo wakasema labda ni mbao. Novemba tukamwita fundi, chombo kikapandishwa pwani, kikatiwa gadi pande zote mbili, kikakalafatiwa upya kuanzia kwenye mkuku mpaka pale maji yanapofika kikielea. Pamba, mafuta, kazi ya siku sita. Tulilipa shilingi elfu kumi na nane. Kisha chini kikapakwa deheni. Desemba hadi Machi chombo kikawa kikavu kabisa, tukamsifu fundi sana.

Ilipoingia kusi, maji yakarudi.

Juni 2023 tulitoka Shimoni watu sita na magunia manane. Mle ndani ya mkondo kulikuwa shwari, kwa sababu Kisiwa cha Wasini kinakinga mawimbi. Tulipotoka kwenye kivuli cha kisiwa, upepo ukajaza tanga, chombo kikalala, na maji yakaanza kupanda. Watu wawili wanafua na bado yanapanda. Nahodha akaamuru magunia yatupwe. Tulitupa matano, matatu yalikuwa yangu. Alishusha tanga, chombo kikasimama wima, na hapo, sikilizeni vizuri, hapo maji yakaacha kuongezeka. Tulikuwa tunatetemeka, hakuna aliyefikiria maana yake.

Mimi nilifikiria usiku, maana usingizi haukuja.

Kazi yangu ni daftari. Nikamwambia nahodha, kuanzia leo kila safari mtahesabu madebe mnayofua, mniandikie: tarehe, kwenda au kurudi, upepo unatoka upande gani, chombo kimelalia wapi. Wengine walinicheka, wakasema mama anataka kuuza maji ya bahari. Baada ya safari saba daftari lilikuwa hivi: kwenda Vanga, madebe nane, tisa, mara moja kumi na moja. Kurudi Shimoni, debe moja, mara nyingine halifiki.

Chombo ni kilekile, na mabaharia ni walewale. Sasa tofauti ni nini? Ukienda Vanga wakati wa kusi unaelekea magharibi na kusini kidogo, upepo unakupiga kutoka kushoto, kwa hiyo chombo kinalalia kulia. Ukirudi, upepo uko kulia kwako, chombo kinalalia kushoto. Maji yalikuwa yanaingia upande wa kulia, tena juu, kwenye ubao ambao chombo kikitulia uko hewani mkavu. Kikilala, ubao ule unazama baharini.

Mnaona sasa kwa nini asubuhi mwenyekiti hakukuta kitu? Na kwa nini kaskazi palikuwa pakavu? Kaskazi ukienda Vanga upepo uko nyuma, chombo hakilali. Kurudi tulikuwa tunangoja umande wa asubuhi, ule upepo mwepesi utokao bara, nao hauna nguvu ya kukilaza. Fundi hakutibu kitu. Yeye alikalafati pale watu wote wanapodhani maji huingilia, yaani chini. Simlaumu sana, ndivyo tulivyomwagiza.

Lakini kujua upande si kujua shimo. Hapa mzee mmoja, fundi wa vyombo aliyestaafu, alitufundisha kwa subira. Nitaeleza alivyofanya, maana nataka mkaifanye wenyewe.

Alisema kwanza kausha ngama kabisa. Usiache hata maji ya kidole kimoja. Panguza kwa matambara. Watu wengi huonja maji ya ngama wapate kujua kama ni ya mvua au ya bahari, na ni jambo zuri, unagusa kwa ncha ya ulimi na kutema. Lakini kama ngama ilikuwa na chumvi ya jana, mvua ya leo nayo itakuwa na chumvi, na utadanganyika. Kama mna barafu ya samaki, nayo ikiyeyuka hushuka huko huko.

Pili, zile mbavu za chombo, mataruma, zina vijishimo chini vya kupitisha maji. Maji yanayoingilia omo yanatembea mpaka tezi, halafu unakwenda kutafuta shimo tezi ambako halipo. Tuliziba vijishimo vile kwa udongo wa mfinyanzi na matambara. Ngama ikawa kama vyumba vyumba, kila chumba na maji yake. Chombo kikalala usiku kwenye nanga. Asubuhi chumba cha nyuma kabisa peke yake ndicho kilikuwa na maji. Ile nusu debe ya kila siku ilikuwa inapita kwenye msumari wa usukani. Nguruzi, kile kizibo cha chini, tulikuwa tumekishuku bure.

Kwa hiyo matundu yalikuwa mawili, na dogo lilikuwa linatuficha kubwa.

Tatu, hilo kubwa. Mzee alipaka majivu makavu, yaliyochekechwa, ndani upande wa kulia kwenye viungo vyote vya mbao, kutoka juu hadi chini. Tukatoka siku ya upepo wa kadiri, karibu na pwani, bila mzigo, watu wanne, kila mmoja na jaketi la kuokoa maisha. Hilo la jaketi msilipuuze, maana unakwenda kukilaza chombo unachojua kinavuja. Robo saa tu, tukashusha tanga tukarudi. Kwenye majivu kulikuwa na mstari mmoja mweusi, umelowa, unaanzia ubao wa tatu kutoka juu, karibu na katikati, unateremka mpaka ngamani.

Maji yalipokupwa tukatia gadi. Mtu mmoja nje akamwagia ubao ule ndoo ya maji, mzee ndani na tochi. Akaita, "Hapa!" Msumari ulikuwa umeliwa na kutu, umebaki uzi, na ubao umeachana na taruma kiasi cha kuingiza kadi. Ukiusukuma kwa mkono, unacheza. Ni upande tunaofungia chombo tunaposhusha mizigo, tunagonga nguzo kila siku, mahali palepale. Pamba yote ya dunia isingekaa pale, kwa sababu ubao unatembea. Lazima uukaze kwanza.

Misumari minne mipya yenye zinki, pamba kidogo, rangi, na chai ya mzee kwa sababu alikataa malipo. Jumla shilingi elfu moja mia tatu na hamsini. Msumari wa usukani ulibadilishwa siku hiyohiyo. Upande ule sasa tumening'iniza matairi ya zamani mawili.

Kuna mtu aliniuliza wakati wa chai, mbona hamkujaza maji ndani, muone yanapotokea nje? Inafaa kwa matundu ya chini. Sisi kwa ubao wa juu tungehitaji kukijaza chombo karibu chote, na debe moja la lita ishirini ni kilo ishirini. Mashua iliyo kavu pwani ikijazwa hivyo itapasuka mgongo. Na jambo jingine: chombo kikikaa juani wiki nyingi, mbao hukauka na kuachana. Siku ya kwanza majini kitavuja kila mahali. Ngojeni siku mbili tatu mbao zivimbe, ndipo mwanze kutafuta.

Tulifanya mkutano Agosti. Sikutaka jambo la kijana lipite kimya, kwa hiyo nilisoma daftari lote mbele yake, safari moja moja. Tukamrudishia kazi na hisa zake za miezi aliyosimamishwa. Ililipwa kidogo kidogo, maana hatukuwa nazo. Mwenyekiti alimwomba radhi kwa mdomo wake. Kijana alinyamaza kitambo, halafu akauliza upo uko wapi, kwa sababu ule wa zamani aliuchonga yeye.

Daftari bado ninaliandika. Safari ya mwisho kwenda Vanga ilikuwa robo debe. Haya, naona mkono kule nyuma. Mama, uliza.