Kuchagua Masomo ya Kazi ya Fedha

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo lililoletwa mlangoni kwangu, hapa Sombetini, na jirani yangu mmoja. Alikuja pamoja na binti yake aliyekuwa amemaliza kidato cha sita. Binti akaniamkia, nami nikaitikia, kisha baba yake akasema hivi:

“Mwalimu, huyu ataka kazi ya fedha. Kwa ajili ya kaka yake niliuza ng’ombe wawili. Yeye alifuata rafiki zake, akachagua masomo yasiyo na hesabu nyingi. Alipokwenda kuomba kazi katika benki aliulizwa habari ya riba, akanyamaza. Sasa ng’ombe aliyebaki ni mmoja. Tusikosee mara ya pili.”

Maneno hayo yalinigusa, maana najua kuwa wazazi wengi wamo katika hali hiyo. Basi nitawaambia niliyomwambia yeye.

Neno la kwanza ni hili: kazi ya fedha si moja. Mtazameni mama auzaye mahindi sokoni. Jioni huandika alichouza na alichonunua. Huo ndio uhasibu. Ndugu yake akilichukua daftari na kulilinganisha na fedha zilizomo mkobani, huo ni ukaguzi. Pengine mama huyo ataka kukopa shilingi 500,000 ili aongeze mahindi, na riba ni shilingi mbili katika kila mia kwa mwezi. Kila mwezi atalipa riba ya shilingi 10,000, na kwa mwaka shilingi 120,000, ikiwa deni lenyewe atalilipa mwisho wa mwaka. Je, faida ya mahindi yale itapita riba hiyo? Kupima jambo hilo kabla ya kukopa ndiyo elimu ya usimamizi wa fedha. Na akijiuliza, “Kibanda kikiungua nitafanyaje?” hapo amefika katika bima. Kwa hiyo kijana asiseme tu, “Nataka kazi ya fedha.” Aseme ni ipi kati ya hizo.

Neno la pili ni juu ya vyuo. Hapa Arusha, pale Njiro, kipo Chuo cha Uhasibu, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1990. Hufundisha uhasibu, na fedha na benki pia. Dar es Salaam kipo Chuo cha Usimamizi wa Fedha, kilichoanzishwa mwaka 1972, ambacho hufundisha na bima pia. Apendaye hesabu za vyama vya ushirika aitazame Moshi, ambako chuo cha ushirika kilianza mwaka 1963, kikawa chuo kikuu mwaka 2014. Lakini fahamuni kwamba shahada pekee haimfanyi mtu kuwa mhasibu kamili mwenye cheti cha CPA. Imempasa kushinda mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoanzishwa mwaka 1972. Gharama ya mitihani hiyo nayo iwekwe katika hesabu ya mzazi tangu mwanzo.

Neno la tatu: usiikimbie hesabu. Alama za asilimia, riba na takwimu ni jembe la kazi hii. Nani aendaye shambani mikono mitupu? Pamoja na hesabu, jifunze kuandika barua na taarifa kwa lugha safi, na kutumia kompyuta. Mtu aionaye hasara asiweze kuieleza humfaa nini bwana wake?

Baada ya hayo nikamwuliza binti, “Mwanangu, hesabu ikikataa kulingana, wafanyaje?” Akajibu, “Mwalimu, silali mpaka nilione kosa.” Nikamwambia baba yake, “Huyu ni mhasibu.” Wakashauriana, wakachagua uhasibu hapo Njiro, kwa sababu atalala nyumbani na kwenda chuoni kwa daladala, na fedha ya chumba itabaki kwa mitihani ya Bodi. Na kaka yake? Nilimshauri asione haya kuanza tena hesabu kwa cheti kidogo, maana kuchelewa si kupotea.

Methali yasema, “Mali bila daftari hupotea bila habari.” Nanyi wazazi, ng’ombe wa ada ni mali. Kabla hamjamfungua kamba kumpeleka mnadani, kaeni na mtoto, mwandike katika daftari: ataka kazi gani, masomo gani yafika huko, na gharama yake yote ni kiasi gani. Mtoto asipoweza kujibu, ng’ombe na angoje.