Udongo Wako Unafaa kwa Lipi?

Leo tuuangalie udongo tunaoukanyaga.

Mwaka 1976, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa mwongozo wa kupima ardhi kwa madaraja. S1 ni ardhi inayofaa sana, S2 inafaa kiasi, S3 inafaa kwa shida, na N haifai. Herufi ndogo inayofuata hutaja kasoro: S2e ina hatari ya mmomonyoko, S2m ina upungufu wa unyevu.

Lakini shikeni hili: daraja hutolewa kwa matumizi maalumu. Hakuna udongo unaofaa kwa kila kitu, wala unaokataa kila kitu.

Kwa mfano, chimba shimo dogo uani, umimine ndoo ya maji. Kwenye mchanga, maji yatazama upesi. Mnazi na muhogo huvumilia udongo huo. Kwa choo cha shimo, wepesi uleule ni hatari: uchafu huteremka hadi kwenye maji ya kisima kabla udongo haujauchuja. Kiwanja ni kimoja, majibu ni mawili.

Kwa hiyo, ukionyeshwa ramani ya udongo, uliza: daraja hili ni la matumizi gani? Kasoro ni ipi, na inarekebishika kwa gharama gani? Choo nacho kikae angalau mita 30 kutoka kisimani. Penye mchanga au mawe ya matumbawe yenye nyufa, zidisha umbali huo.

Jamani, tuuulize udongo kwanza, ndipo tushike jembe.