Mtoto wa Bugarama na Darasa la Awali: Nyumbani Tuanze na Nini?



Katika mkutano huu wa walimu, watendaji wa vijiji, wazazi na walezi, nimeombwa nizungumzie maandalizi ya mtoto anayeingia darasa la awali mwezi Januari. Kila mwaka uandikishaji unapofunguliwa, habari huanzia dukani: sare, viatu, begi, madaftari. Mwenye uwezo kidogo humtafutia mtoto wa miaka minne tuisheni ili aingie darasani akijua ba be bi bo bu. Kwa maoni yangu tumeanzia mwisho. Herufi ndizo anazokwenda kufundishwa. Kutozijua hakumshindi mtoto awali. Kinachomshinda ni kukaa asubuhi nzima na mtu mzima asiyemfahamu, anayesema lugha asiyoizoea, mbali na nyumbani, tena tumbo tupu.

Sera ya elimu ya mwaka 1995 ndiyo iliyoelekeza kila shule ya msingi iwe na darasa la awali. Tangu Januari 2016 hakuna ada, kuanzia awali. Hayo ni mazuri, lakini yalijaza madarasa. Uwiano unaotakiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na kila aliyepita kwenye shule zetu anajua hali halisi. Mwalimu mwenye watoto mara tatu ya hao hawezi kumbembeleza kila mmoja. Kwa hiyo lile ambalo nyumbani hatukulifanya Novemba na Desemba, Januari halina wa kulifanya.

Nianze na lugha, na hapa mniruhusu nikae kidogo. Kwenye senta ya Bugarama, kwa sababu ya mgodi wa Bulyanhulu na wachimbaji wadogo waliotoka kila kona ya nchi, mtoto anasikia Kiswahili tangu anatambaa. Lakini ukienda vitongojini, kwenye nyumba za wafugaji na wakulima, mtoto wa miaka mitano anaongea Kisukuma tu. Siku ya kwanza mwalimu anasema "kaeni", nusu ya darasa wanakaa kwa kuwatazama wenzao. Mtoto anajikojolea, wenzake wanamcheka, kesho hataki kurudi, na mzazi anasema "bado mdogo, tumwache mwaka mwingine." Udogo haukuhusika. Alikosa sentensi moja tu: "Mwalimu, naomba kwenda chooni."

Sentensi hiyo mfundisheni nyumbani. Mfundisheni na kusema naumwa, nina kiu, sijaelewa, huyu kanipiga. Ajue jina lake lote, jina la baba au mama, na kitongoji anachotoka, maana kuna watoto wanaojua jina la utani la nyumbani peke yake, na mwalimu akiita lile la kwenye daftari la mahudhurio hawaitiki. Maneno hayo machache, yakirudiwa kama mchezo wakati wa kuota moto jioni, yanatosha kwa kuanzia.

Mzazi mmoja huuliza: niongee naye Kiswahili changu cha kubabaisha au Kisukuma changu kizuri? Kisukuma kizuri. Mtoto aliyezoea kusimuliwa hadithi ndefu na bibi yake, akaulizwa vitendawili, akatumwa kwa jirani apeleke ujumbe wenye mambo matatu na akarudi na jibu, huyo tayari amejifunza kusikiliza, kukumbuka na kupanga maneno. Lugha ya darasani atajifunza haraka juu ya msingi huo. Asiye na hadithi yoyote, kwa lugha yoyote, ndiye anayenitia wasiwasi. Na siku hizi nyumba ambako simu ndiyo inayolea zimekuwa nyingi hata huku kwetu.

Jambo hili la kumwandaa mtoto kwa hadithi na maongezi mkoa wetu umewahi kulijaribu. Mkoa wa Shinyanga ulikuwa kwenye mradi wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia mwaka 2014. Ndani yake kulikuwa na programu ya utayari wa kuanza shule. Jamii zilitoa vijana wao waliosoma, wakapewa mafunzo mafupi, kisha wakakaa wiki kadhaa na watoto ambao hawakupata awali, wakiwasimulia hadithi, wakiimba na kucheza nao. Nguvu yake ilikuwa kwamba kijana yule alikuwa wa palepale kijijini: mtoto alimfahamu, na akikwama kwenye Kiswahili alieleweka kwa lugha ya nyumbani. Mradi uliisha. Vijana waliomaliza kidato cha nne wako bado, wamekaa vijiweni, na hadithi hazihitaji mfadhili.

Sasa niseme jambo ambalo kwenye semina za elimu huwa halisemwi, kwa kuwa linaonekana ni la watu wa madini. Zebaki. Tunajua jinsi dhahabu iliyochanganywa na zebaki inavyochomwa: kwenye kikaango, nyuma ya nyumba, wakati mwingine jikoni kulekule unakopikwa ugali, na mtoto amechuchumaa pembeni anatazama. Mvuke ule hauonekani, lakini unaingia mwilini na kuharibu mfumo wa fahamu, na ubongo wa mtoto ambao bado unakua ndio unaoumia zaidi. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto kwenye machimbo ya dhahabu ya Tanzania, Geita na Shinyanga zikiwamo, na zebaki ilikuwa hoja kubwa. Nchi yetu iliridhia mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Mkataba hautaingia uani kwako kumwondoa mtoto, utamwondoa wewe. Choma mbali na nyumba, badilisha nguo kabla ya kumbeba, na mama mjamzito asikae karibu. Ukimlipia mtoto tuisheni huku anavuta mvuke huo kila wiki, unajaza debe lililotoboka.

Njia ya shule nayo ina mambo. Januari mvua zinanyesha, vijito vimejaa, na maduara, yaani mashimo yaliyoachwa na wachimbaji, yamejaa maji. Kuna malori na bodaboda barabarani, na alfajiri kuna fisi. Tunajifariji kwamba mtoto atakwenda na kaka yake wa darasa la nne. Kwenda, sawa. Lakini awali hutoka mapema, kaka bado yuko darasani, nani anamrudisha? Swali hili lijibiwe Desemba, kwa jina la mtu, na njia ile mzazi aipite na mtoto kwa miguu, amwoneshe pa kuvukia na nyumba ya kukimbilia akiogopa.

Mazoea ya mwili ni mambo madogo yanayokatisha watoto tamaa. Kaptula yenye kishikizo kigumu, kwa mfano. Au choo cha shimo chenye tundu kubwa, ambacho mtoto anaogopa kutumbukia. Ajifunze kufungua na kufunga mwenyewe, kunawa, kulala mapema. Kadi ya kliniki iangaliwe kama chanjo zimekamilika, na cheti cha kuzaliwa kama hakipo kitafutwe sasa, si wiki ya kufungua shule.

Halafu acheni, nawaombeni sana, ule usemi wa "subiri nikupeleke kwa mwalimu akuchape." Mnatuharibia sisi walimu kazi kabla hatujaianza. Siku ya kwanza mzazi asitoroke mtoto akiwa ametazama pembeni. Aage, aseme atarudi lini, kisha aondoke kweli na arudi kweli. Kilio kitakuwapo, kwa wengi kinaisha baada ya siku chache. Akirudi nyumbani asipokelewe na mtihani wa "umejifunza nini?" Muulize alicheza na nani, na uji ulikuwaje.

Akina baba, mkisikia rashi ya dhahabu imefumuka Geita au Mbogwe, familia inafungwa kwenye pikipiki usiku uleule. Basi mwalimu mkuu aambiwe, mpate uhamisho, la sivyo mtoto anatoweka kwenye daftari la shule mbili kwa wakati mmoja. Kama inawezekana, abaki na bibi mpaka muhula uishe.

Ninapendekeza mkutano huu uamue mambo haya kabla ya kuvunjika. Kila shule ya kata itenge asubuhi moja Desemba ambayo watoto walioandikishwa watakuja na wazazi, wakae kwenye darasa lao, waone choo, wamjue mwalimu kwa jina. Kamati ya shule ipange mahindi ya uji ya Januari mapema, maana huo ndio mwezi ambao maghala yetu huanza kukauka. Na wale vijana wa kidato cha nne, mtendaji wa kila kijiji alete majina mawili ya watakaowasimulia watoto hadithi kwa afisa elimu kata kabla ya mwisho wa mwezi huu.