Jinsi Kiwango cha Ulemavu Kinavyopimwa

Mazungumzo na wakazi wa Laini Saba



Wengi huenda kupimwa ulemavu wakidhani daktari anatafuta jina la ugonjwa tu. Jina huandikwa, lakini peke yake halitoshi. Mfumo uliokubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2001 hutazama hali ya mwili, shughuli ambazo mtu anaweza kufanya, namna anavyoshiriki maisha ya jamii, na mazingira yanayomzunguka.

Chukua watu wawili waliopatwa na kiharusi, wenye karatasi za hospitali zinazofanana. Mmoja anaishi kando ya lami na hufika dukani kwa mkongojo. Mwingine anaishi bondeni, njia ni tope na choo cha pamoja kiko mbali. Hatoki nje bila kubebwa. Tofauti hiyo haionekani kwenye karatasi. Lazima isemwe.

Sensa ya 2019 iliuliza kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Majibu yalikuwa manne: hakuna shida, shida kiasi, shida nyingi, au hawezi kabisa. Waliohesabiwa kuwa na ulemavu ni wa majibu mawili ya mwisho: asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka 5 na zaidi, takriban watu 900,000. Sensa ya 2009 ilikuwa imetoa asilimia 3.5. Si kwamba watu walipona. Namna ya kuuliza ilibadilika. Mzazi aliyejibu "shida kiasi" kwa kuona haya, huku mtoto hawezi kuvaa nguo mwenyewe, alimwondoa mtoto huyo kwenye hesabu.

Jambo la pili ni kwamba hakuna kipimo kimoja cha kila kitu. Kila ofisi ina swali lake.

Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hutegemea ripoti ya madaktari wa hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Kwa watu wa Laini Saba, ya karibu ni Mbagathi. Mwenye kadi aliyeajiriwa anaweza kuiomba KRA msamaha wa kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya mwezi.

Inua Jamii, inayotoa shilingi 2,000 kwa mwezi, huuliza mambo mengine: je, mtu anahitaji mlezi wakati wote, na je, nyumba yake ni maskini? Ndiyo maana mtu anaweza kupata kadi na asiingie kwenye orodha ya pesa.

Kwa mtoto wa shule, vituo vya elimu vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, vilivyoanzishwa nchini mwaka 1984, huuliza anajifunzaje na anahitaji msaada gani darasani.

Kwa hiyo maandalizi ni muhimu. Kabla ya siku ya kupimwa, familia iandike shughuli za siku nzima: kuamka, kuoga, kula, kwenda chooni, kupanda kilima hadi barabarani. Kando ya kila moja iandikwe nani humsaidia na kwa muda gani. Aende na mtu anayeishi naye, pamoja na karatasi zote za kliniki. Kama hali hubadilika, kama ilivyo kwa kifafa au ugonjwa wa akili, zielezwe siku mbaya pia, na hutokea mara ngapi. Kiziwi aombe mapema mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya. Kutia chumvi hakufai, na kuficha kwa ajili ya heshima hakufai vilevile.

Anayekataliwa asirudi nyumbani kimya. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa ofisi ya umma haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Akishazipata, atajua kama kilichokosekana ni karatasi, maelezo, au kama alibisha mlango usio wake.

Wahudumu wa afya ya jamii wanaingia nyumba hizi na wanawajua wasiotoka nje. Jina la mtu wa namna hiyo lifikishwe kwao wiki hii.