Mama, Muulize

 

Juzi mama mmoja alinivuta kando kliniki. "Sista, tangu babake azikwe kijana wangu halali, hali, na jana amegawa kuku wake wote. Nikimuuliza kama anafikiria kujiua, si nitamtia wazo hilo?"

Hapana, mama. Uchunguzi mwingi umefanywa juu ya swali hilohilo, na kuuliza hakujaonekana kuleta wazo. Muulize mkiwa wawili, ulitaje jambo lenyewe, kisha unyamaze usikie. Usimhubirie. (Hapo ndipo sisi kina mama hushindwa, nami nimo.) Akikubali, usimwache peke yake, mfikishe kituo cha afya siku hiyohiyo. Mnaweza pia kupiga 1199, nambari ya Msalaba Mwekundu isiyotozwa pesa.

Na ile dawa ya kunyunyizia mahindi iliyo chini ya kitanda? Itoe. Ifungiwe kwa kufuli, ufunguo ashike mtu mwingine, maana saa ya hatari hupita mtu akikosa kitu karibu. Sri Lanka ilipopiga marufuku dawa kali za shambani, vifo vya kujiua vilipungua kwa zaidi ya nusu.

Mtasema, ushauri ni maneno tu. Basi sikilizeni. Kuanzia 2013, hapahapa Bungoma na kule Moshi, Tanzania, watoto 640 waliofiwa na wazazi, wa miaka 7 hadi 13, waligawanywa kama kwa kura. Nusu walipata vikao vya ushauri, walezi wao wakishiriki. Nusu huduma ya kawaida. Washauri hawakuwa madaktari, ni watu wa kawaida waliofunzwa. Mwaka mmoja baada ya vikao, watoto wa Bungoma waliopata ushauri walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao. Moshi, makundi yote mawili yalikuwa yamelingana. Kilichopimwa ni majeraha ya moyo baada ya msiba, si kujiua, lakini mtoto mwenye jeraha hilo ndiye huyu tunayemzungumzia.

Wengine huficha wakiogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Mleteni mgonjwa wenu.

Yule mama alimuuliza mwanawe jioni ileile, jikoni. Asubuhi niliwakuta wote wawili mlangoni pa kliniki, sijafungua bado.